Baba Alipopewa Siku Moja ya Nchi Kavu

Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa anahama. Ninaishi Perry Barr, hapa Birmingham, kwenye haya majengo mapya ambayo kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba unajua mwenzako anapogeuka kitandani. Nilikuwa nimekaa na kompyuta nikisoma upya barua ya kuomba kazi ambayo nilikuwa nimeshaituma (ndivyo nilivyo, naendelea kusahihisha vitu ambavyo haviwezi tena kurudi mkononi) niliposikia ukutani mlio wa selotepu ikivutwa kwenye roli. Krrrrp. Kikafuata kimya kidogo, kile cha mtu anayetafuta mkasi na kuukosa, kisha akaikata kwa meno. Krrrrp tena.

Mtu mwingine angesikia jirani anafunga maboksi, basi. Mimi nilisikia sebule yetu ya utotoni, mtaa wa Winson Green, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, na baba yangu amekaa katikati yao kama bwana harusi ambaye hajaonyeshwa bibi harusi.

Afadhali nianze mwanzo, maana nikianza katikati nitachanganyikiwa mwenyewe.

Baba alikuwa baharia. Si wa jeshi, bali wa meli za mizigo, zile zinazobeba makontena kama matofali ya rangi. Kwao ni Mikindani, Mombasa. Mama alikuja Birmingham kuwatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, akanileta nikiwa na miaka mitatu, na tangu hapo baba kwangu alikuwa sauti ya simu inayokatika, na picha moja iliyowekwa juu ya friji: mwanamume mwenye ovaroli ya rangi ya machungwa, amekunja uso kwa jua. Mama alikuwa anasomea unesi huku akifanya shifti, na karatasi zetu za kuishi nchini zilikuwa bado hazijakaa sawa, kwa hiyo sisi hatukuweza kwenda kwake. Yeye naye alikwenda kokote meli ilikokwenda. Nikiuliza tutaonana lini, mama alikuwa na jibu moja kwa kila swali zito: "Usiniulize saa hii." Saa iliyofaa kuuliza haikujulikana.

Halafu kulikuwa na sinema.

Mama aliinunua kwenye duka la mitumba kwa sababu kwenye jalada kulikuwa na mabaharia. Jalada lilipotea, na jina la sinema likapotea nalo. Sisi tuliiita "ile ya mabaharia," na hadi leo kwangu haina jina jingine. Ilikuwa ya zamani sana, ya Kimarekani, yenye rangi kali kama peremende. Mabaharia watatu wanashuka kwenye daraja la meli, wamevaa nguo nyeupe, kofia zimekaa upande, wamepewa siku moja tu ya nchi kavu kabla meli haijang'oa nanga. Basi wanaimba. Wanacheza dansi juu ya meza za mkahawa na hakuna anayewafukuza. Mmoja anampenda mwanamke anayetengeneza saa, mwingine anapenda chakula. Wa tatu, mpole, anakutana na msichana mdogo aliyepoteza tiara yake ya kurusha angani, wanashikana mikono na kuzunguka mji mzima wakiitafuta, wanapiga hatua zao juu ya kingo za barabara, na kila wanakopita watu wazima wanaacha kazi zao na kujiunga nao. Mwishoni king'ora cha meli kinalia. Mabaharia wanakimbia kurudi, na unalia kidogo, lakini hulii kwa huzuni, maana muziki wenyewe unakuhakikishia kwamba watarudi.

Siku ambazo mama alikuwa kazini, niliangaliwa na Mama Brayo wa nyumba ya tatu, naye aliniwekea sinema ile kila nilipoanza kusumbua. Niliijua hatua kwa hatua. Mama akiikuta inaendelea alifyonya. "Hawa hawana kazi? Nani anaosha masufuria huko melini? Baharia gani hana mafuta kwenye kucha?" Lakini alikuwa hatoki mlangoni. Alisimama na koti lake la kazi, mfuko wa mboga mkononi, akaangalia hadi wimbo ukaisha.

Mimi niliichukua kama watoto wengine wanavyochukua mafundisho ya dini. Nilihitimisha kwamba baharia ana siku moja, kwamba siku hiyo hupewa mtu mmoja, na kwamba yule anayetembea naye mjini ndiye anayerudiwa. Sikumwambia mtu yeyote. Hata wakati huo nilikuwa mtoto wa kuhifadhi mambo na kuyachemsha peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa simu ilipokuja. Meli ya baba ilikuwa imeingia Liverpool na mtambo wake ulikuwa na hitilafu, na wakati mafundi wakihangaika, nahodha aliwapa baadhi ya mabaharia ruhusa ya kushuka siku moja. Mama alipokelea simu kwenye korido. Nilimsikia akisema, "Si kwa simu. Hapana, sikatai, nimesema si kwa simu. Njoo, tutaongea." Kisha kwa sauti ya chini zaidi: "Sawa. Nimekubali. Njoo umuulize."

Alipomaliza alikaa kwenye ngazi, simu mapajani, akiangalia mlango wa mbele kana kwamba mtu ameshagonga. Halafu akaanza kupiga simu nyingine. Alimpigia Mama Brayo, akampigia Mchungaji, akampigia Halima, yule Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi ambaye alikuwa na duka la nguo mtaa wa Alum Rock. Kila mmoja alimwambia kwa uchangamfu ambao sikuuzoea: "Baba Neema anakuja! Eeh, kutoka melini! Kama una kitu cha kutuma nyumbani, lete."

Nilidhani ni furaha. Nimelirudia jambo hilo kichwani kiasi kwamba sasa siwezi tena kuisikia sauti yake ya siku ile bila kuitafuta hofu ndani yake, na sijui kama ninaisikia kweli au ninaitia mimi.

Mimi nilikuwa na maandalizi yangu. Kiswahili nilikielewa chote, lakini mdomo wangu ulijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa wetu. Nilijua Kiingereza cha baba ni cha melini, maneno ya kamba na injini. Kwa hiyo nilitunga sentensi moja ya Kiswahili na kuifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni: Baba, twende mjini, mimi na wewe tu. Njia nilikuwa nimeshaipanga. Tungepita kwa fahali wa shaba kwenye maduka ya Bullring, tushuke kwenye mifereji, na kwenye ngazi za maktaba kuu ningemwonyesha dansi. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu kingo za barabara za Birmingham, kwamba ni nyembamba kuliko za kwenye sinema, nikaenda kuzijaribu kwa miguu, mbele ya ukuta wa jela iliyo mtaani kwetu, huku mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akiniuliza kama nimepotea.

Siku yenyewe niliomba kwenda kumpokea stesheni. Mama alikataa. "Mtu anayetoka safari anapokelewa nyumbani," alisema, na Mchungaji ndiye aliyekwenda na gari lake.

Baba hakuvaa nguo nyeupe. Alivaa jaketi jeusi na kofia ya kampuni ya rangi, alikuwa mfupi kuliko picha yake, na alinukia dizeli na sabuni ya kufulia. Kabla hajaingia aliutazama ule ukuta mrefu wa jela ulio mwisho wa mtaa, akamwambia Mchungaji, "Kumbe na nyinyi mna Fort Jesus yenu." Nilimpenda hapo hapo. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega, akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Huyu ndiye Neema? Huyu?"

Nilifungua mdomo niseme sentensi yangu. Mama Brayo alipiga kigelegele nyuma yangu kwa nguvu hivi kwamba sikio langu la kulia lilibaki likilia lenyewe. Tukavutwa ndani.

Kwa wasomaji ambao hawajaishi ughaibuni, lazima nieleze habari ya mizigo. Kwa Wakenya wa huku, mtu anayekwenda nyumbani si mtu tena, ni nafasi ya kubebea. Habari zake zikienea, watu wanamletea viatu vya mama, dawa za shinikizo la damu, simu ya mpwa, saa ya mjomba, na kila mzigo unakuja na maelezo marefu ya nani ataupokea wapi. Kukataa hakufikiriki. Ukikataa viatu vya mama wa mtu, umemkataa mama mwenyewe, na utasikia habari hiyo kanisani mwaka mzima. Ninaowajua wengi husafiri na nguo zao mbili na masanduku mawili ya watu.

Kwa hiyo walikuja. Mama Brayo alileta mablanketi ya mamake aliyeko Kakamega. Halima alileta vitambaa vya harusi ya mdogo wake, akaapa, "Wallahi ni nguo mbili tu," huku mfuko wenyewe umelala mlangoni kama kondoo aliyeshiba. Mchungaji alikuwa na spika za kanisa la Voi. Wengine siwakumbuki kwa majina, nakumbuka magoti yao, maana nilikuwa nimekaa chini kwenye zulia nikijisogeza kidogo kidogo kuelekea kiti cha baba.

"Jamani," baba alisema, akijaribu kucheka. "Meli haiendi Mombasa. Tukitoka Liverpool tunapita Rotterdam, halafu tunavuka kwenda Brazil."

Watu waliangaliana.

"Brazil," Mama Brayo alisema, akilipima neno. "Sasa Brazil nako si kuna Wakenya?"

"Mama Brayo!"

"Nauliza tu! Wakenya wako kila mahali."

"Baba Neema," Halima akaingilia, "dunia si ni duara? Hiyo meli ikizunguka, mwishowe si itafika kwetu? Sisi hatuna haraka. Harusi ni Desemba."

Nyumba nzima ikacheka, na baba akacheka pia, lakini alimtazama mama. Mama alikuwa amesimama na sinia ya chapati. "Andikeni majina juu," alisema, "asije akachanganya." Selotepu ikaanza kulia. Krrrrp, krrrrp. Walifunga mizigo ya Mombasa ili iende Brazil.

Nilianza kuona kitu siku ile, bila kukielewa. Kila baba alipoinuka, mama alimwekea sahani mkononi. Alipoimaliza, mama alimleta mtu mwingine: "Huyu hamjasalimiana." Alikuwa mwenyeji mzuri ajabu, mama yangu ambaye siku za kawaida aliwazimia watu simu. Alivaa gauni la zambarau na hakukaa hata mara moja.

Mwishowe baba alisema anakwenda kunawa mikono, nami nikamfuata jikoni. Hapo ndipo nilipompata. Alifungulia maji, akakinga mikono yake, na kucha zake zilikuwa na weusi wa mafuta ambao sabuni haikuutoa. Nilisema yote kwa pumzi moja: "Baba, twende mjini, mimi na wewe tu."

Alifunga bomba. "Unaongea kama mzungu wa misheni," alisema, lakini taratibu, na aliniwekea mkono wenye maji kichwani. "Twende. Kwa nini tusiende? Lakini kwanza kuna kitu nataka kukuuliza, Neema. Na unijibu wewe mwenyewe, kutoka moyoni, usiangalie uso wa mama wala wangu. Unanisikia?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa tayari kujibu chochote.

"Baba Neema." Mama alikuwa mlangoni. "Mchungaji anataka kuomba."

"Nipe dakika na mtoto."

"Utamweka Mungu angoje?"

Wakatazamana. Nyuma ya mama, Mama Brayo alikuwa ameshatokeza kichwa, na nyuma ya Mama Brayo kichwa kingine. Baba alijipangusa mikono kwenye suruali na kutoka.

Mchungaji aliombea bahari zote, kwa majina. Aliombea nahodha, mtambo, mafundi wa Liverpool, bandari za Rotterdam na Brazil, Malkia, na karatasi zetu za kuishi nchini. Tulishikana mikono kwa duara. Nilikuwa nimejipanga kushika mkono wa baba lakini mama alikuwa ameingia katikati yetu, kwa hiyo kwa maombi yote yale nilishika mkono wa mama, nao ulikuwa baridi na ulinibana hadi pete ikaniuma. Halima alisimama karibu na mlango akiinamisha kichwa kwa adabu, akingoja tumalize.

Baada ya amina baba alijaribu tena, mbele ya watu. "Mama Neema, acha nitoke na mtoto tuone mji kidogo."

"Na wageni?" mtu alisema.

"Na mvua hiyo," mama alisema. Yalikuwa manyunyu tu, yale ya Birmingham ambayo hayamfukuzi hata paka ukutani. "Halafu Papa Dido hajafika. Yuko kwenye basi na mzigo wake. Atatukuta hatupo?"

Papa Dido alikuwa Mkongomani aliyefanya usafi pamoja na mama kazini. Mzigo wake ulikuwa wa kwenda Lubumbashi, ambayo wala haina bahari.

Baba alisimama pale, mkono umeshika mgongo wa kiti, na nyuso zote zikiwa zimemwelekea kwa mapenzi. Hilo ndilo nililotaka kuliweka hapa kwa usahihi: hakuna aliyemtakia mabaya. Walimpenda, walimlisha, walimwita ndugu. Kama kungekuwa na adui mmoja chumbani, labda baba angemsukuma na kupita. Lakini utamsukuma vipi mtu aliyekushikia sahani ya pilau?

Akakaa. Kwa miaka mingi nilimlaumu kwa hilo, zaidi ya yote yaliyokuja baadaye. Kwamba alikaa.

Papa Dido aliingia akiwa amelowa, akamkumbatia, akamwambia, "Papa, wewe weka tu pale port, ndugu yangu atakuya kuchukua." Baba hakumwuliza port gani. Alipokea.

Wakati wa kuondoka nilidhani njia itatusaidia. Hata mtu aliyeshindwa kuongea ndani ya nyumba anaweza kuongea akisindikizwa. Lakini kwetu mgeni hasindikizwi na mtu mmoja, anasindikizwa na nyumba nzima, na wote walitoka, wakijaza njia, wakibeba mifuko. Nilibanwa katikati ya koti la Mama Brayo na ule mfuko wa Halima. Mbele niliona kofia ya baba ikienda juu na chini. Tulipofika kwenye gari la Mchungaji, mizigo ilipangwa kwenye buti, ikajaa, ikapangwa kwenye kiti cha nyuma. Spika za Voi zilikuwa ghali, kwa hiyo zilifungwa mkanda. Nilisimama karibu na mlango uliokuwa wazi nikitafuta pale ambapo ningeweza kukaa, na hapakuwa na nafasi hata ya paja moja.

"Nitakupigia," baba alisema dirishani. "Lile jambo tutaliongea."

Watu waliimba wimbo wa kumtakia safari njema. Ndiyo, waliimba. Waliimba barabarani Winson Green, mchana, kwa sauti nne, na majirani Wajamaika walitoka kuangalia, na mtoto mmoja upande wa pili wa barabara alianza kucheza. Gari likapinda kwenye ukuta wa jela. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba watu wanaweza kuimba na kucheza mjini siku ya baharia, na bado isiwe na maana yoyote.

Alipiga simu, ndiyo. Alipiga kutoka Rotterdam na mama yuko karibu, akapiga kutoka Santos, kule Brazil, na simu ikakatika. Lile jambo halikuongelewa. Baadaye simu zikawa za sikukuu tu, halafu nikiwa na miaka kumi na moja mama akaniambia, akiwa anafunga kamba za viatu vyake vya kazi, kwamba yeye na baba wameachana. Nilipouliza kwa nini, mnajua alichonijibu.

Mizigo ilifika. Hilo lilinishangaza nilipokua na kusikia habari zake. Baba aliitunza kwenye kabati lake melini zaidi ya mwaka, akavuka nayo bahari huku na huku, na alipomaliza mkataba aliibeba yote hadi Mombasa. Vitambaa vya harusi vilifika Eastleigh wakati bibi harusi ana mtoto anayetambaa. Spika zilikaa Voi, sijui kama zinafanya kazi. Hata wa Lubumbashi alipata chake kwa dereva wa lori. Kila aliyekuja siku ile alifikishiwa alichokuja kutuma.

Kiswahili hiki ninachoandikia nilijifunza ukubwani, chuoni, kwa ukaidi, kwenye darasa ambalo mimi peke yangu nilikuwa na jina la Kikenya na wenzangu wote walikuwa wanajiandaa kwenda kujitolea. Mwaka jana, baada ya kumaliza digrii, nilimpigia baba. Aliacha meli siku nyingi. Ana mke na watoto wawili na duka la mitungi ya gesi pale Mikindani. Hunitumia ujumbe wa sauti mfupi mfupi, "Mungu akubariki, mamangu," huku nyuma mitungi ikigongana. Nilikuwa nimeandika nitakavyomuuliza, nikaandika tena, nikafanya mazoezi. Halafu nikauliza tu.

"Siku ile uliyokuja. Jikoni. Ulitaka kuniuliza nini?"

"Aah, hayo ni ya zamani."

"Niambie."

Alikohoa. Akamwambia mtu angoje. "Nilitaka niache meli," alisema. "Bibi yako alikuwa bado ana nguvu. Nikamwambia mama yako, mtoto aje akae huku kwetu, nami nipate kazi bandarini, nimlee. Yeye amalize masomo yake ya unesi, akitaka atatukuta. Akakataa. Nikamwambia basi tumuulize mtoto mwenyewe, ana akili. Kwa simu alinikubalia. Nimefika, nakuta harusi." Akacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kulizoea jambo. "Na watu wazuri kweli kweli, wale. Yule Mkongomani bado yuko?"

Sikulala vizuri kwa muda. Nililipindua jambo hili kila upande. Nilijiambia kwamba mama alikuwa peke yake katika nchi ya watu, bila karatasi, akigeuza wazee kitandani usiku na kusoma mchana, na sababu ya yote hayo ilikuwa mimi. Ukimwondoa mtoto kwenye hesabu ile, kinabaki nini? Chumba na viatu vya kazi. Nilijiambia pia kwamba hata baba hakuwa sahihi kumtwika mtoto wa miaka tisa swali la namna ile. Niliwatetea wote wawili kwa zamu, kama wakili aliyepokea kazi ya pande zote mbili, na nikimaliza kuwatetea nilikuta bado ninaumwa.

Jumapili moja nilikwenda kwa mama. Sasa ni nesi kamili, ana nyumba yenye bustani ndogo, na mabega yake yameanza kuinama. Alikuwa anachambua sukuma wiki mezani. Niliketi mbele yake.

"Uliwaita makusudi," nilisema.

"Nani?"

"Watu wote wale. Siku ya baba."

Hakujifanya kutoelewa, na kwa hilo nampa heshima yake. Aliendelea kuchambua, jani baada ya jani.

"Amekuambia."

"Nilimuuliza. Ulimkubalia kwamba nitaulizwa."

"Nilimkubalia. Kisha nikakata simu, nikajiona nimebaki bila wewe." Alitupa shina kwenye bakuli. "Ningemfanyaje, Neema? Ningemfungia mlango baba yako? Nimkataze mbele yako, unichukie? Nilimpikia. Nilimwalikia watu. Hakuna mtu anayeweza kusema nilimkosea."

"Mimi nasema."

"Wewe sema."

"Ungekaa tu pale nikiulizwa," nilisema, na sauti yangu ilikuwa inapanda kama ya mtoto. "Ungeniamini. Labda ningesema nabaki na wewe. Hilo hukuliwaza?"

Mama aliacha majani. Aliniangalia bila hasira, kama anavyowaangalia wagonjwa wake wanaosema hawaumwi.

"Nilijua ungejibu nini," alisema.

Nilifungua mdomo nimkatalie. Nilitafuta sentensi ya kumkatalia kwa Kiswahili, halafu nikaitafuta kwa Kiingereza, na iliyonijia ni ile tu ya kioo cha bafuni: Baba, twende. Naye alinisubiri, mikono imetulia mezani, na hapakuwa na mgeni hata mmoja ndani ya nyumba ile.